Mtoto anatoka damu fizi, chembe sahani ziko sawa. Yaweza kuwa sumu ya panya?

Mama Tatu: Wakuu, naombeni msaada. Binti yangu ana miaka mitatu. Jumatatu kaamka mto una damu, nikajua ni jino. Jana nimemnyanyua kutoka kwenye beseni, leo alama za vidole vyangu zimebaki mbavuni kama wino. Mkojo mwekundu, homa hana. Malaria hakuna, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) imeonyesha chembe sahani, zile za kuzuia damu kutoka, 310, ziko sawa. Nimeambiwa labda ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Sasa hivi nimesogeza gunia la mahindi, nimekuta pakiti ya sumu ya panya imechanwa, punje za bluu zimemwagika. Iliwekwa wiki iliyopita.

Msukuma84: Pole dada. Mpe maziwa, yanakata sumu.

Wa Maabara: Maziwa hayatasaidia hapa. Mpeleke hospitali ya mkoa usiku huu, pakiti ibebe. Omba PT na INR, vipimo vya muda wa damu kuganda; namba ikiwa juu, damu inachelewa kuganda. FBP inahesabu chembe tu, haionyeshi kama damu inaganda. Sumu hizi huzuia ini kutumia vitamini K, na bila hiyo vigandishi (protini za kugandisha damu) namba 2, 7, 9 na 10 havifanyi kazi. Vya zamani huisha taratibu, ndiyo maana damu huanza kutoka siku kadhaa baadaye. Siku ya kwanza hata INR ingeweza kuwa ya kawaida. Hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, kwa mtoto wa kike ni nadra sana.
Wakikosa mashine, damu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, itulie dakika 20. Isipoganda, mjue damu yake ina shida ya kuganda. Ikiganda, bado INR itafutwe.

Nesi Mstaafu: Asichomwe sindano ya msuli, na asipewe asprini wala diklofenaki. Someni pakiti. Sumu ya kupimiwa mtaani mara nyingi ni aina nyingine kabisa: mate, jasho, kutapika, pumzi kubana ndani ya saa chache.

Mama Tatu: INR 8.6! Pakiti imeandikwa brodifakumu, ndiyo hiyo sumu ya kuzuia damu kuganda. Kawekewa plazma (maji ya damu yenye vigandishi) na vitamini K. Fizi zimekauka alfajiri, kaomba uji. Tunaruhusiwa lini?

Wa Maabara: Alhamdulillah. Dada, damu kukata si kupona. Brodifakumu hukaa kwenye ini wiki hata miezi, vitamini K ataendelea kumeza nyumbani. Siku wakiisimamisha, arudi kupimwa INR baada ya siku mbili tatu, hata akiwa anacheza.

Mama Tatu: Nimemwambia daktari, kaandika kwenye kadi.