Naomba ushauri: siku ya maombolezo ya taifa, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, afunge?

Wandugu wa Bukavu, siku ya maombolezo ikitangazwa jioni, mitumbwi imekwisha kuingia Kivu na taa zake. Samaki watashuka asubuhi tu. Muuzaji afanye nini?

Kwanza tusome tangazo vizuri. Bendera kushushwa nusu mlingoti na muziki kuzimwa ni jambo moja. Siku isiyo ya kazi ni jambo lingine.

Sambaza mbichi bila barafu hawafiki jioni: utumbo huoza mapema, tumbo linapasuka, ndipo harufu inakuja. Kuanika nako kunataka jua la siku nzima, na mvua ikiwapata wanashika ukungu. Napendelea wauzwe mpaka saa nne asubuhi, bila muziki wala kuita wateja, kisha waliobaki waanikwe juu ya wavu, tabaka moja, si chini kwenye udongo. Nguo na simu haziozi. Maduka hayo yafunge.

Lakini mama mwenye beseni moja, jirani zake wote wamefunga, mnamshauri nini? Na kibarua wa siku? Mimi naona alipwe siku nzima, maana nyumbani kwake watoto watakula siku hiyo pia.