Naomba ushauri: upungufu wa zinki kwa mbwa anayekula posho na mukene

Ndugu wanachama, mbwa wangu jike, mwenye kilo 20, analishwa posho, yaani ugali wa mahindi, na mukene, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, wakiwa wamesagwa pamoja na mifupa yao. Sasa ametokwa na magamba makavu kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zake zimepasuka hata anachechemea. Alitibiwa upele bila kupata nafuu. Ninavyofahamu, fitati, kemikali ya asili iliyomo katika mahindi, ikichanganyika na kalsiamu nyingi ya mifupa, huzuia zinki isifyonzwe vizuri. Je, nimwongezee nyama ya ng'ombe, au nimpe vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha? Nasita, kwa kuwa zinki ikizidi huzuia ufyonzwaji wa madini ya shaba mwilini, nami sitaki kumdhuru. Naomba sana mwenye ujuzi anieleze kipimo kinachofaa.