Daftari la rangi za maji: mnyama na maumbo vinakataa kukaa ukurasa mmoja

mbuzi_wa_jirani

Habari za saa hizi wakuu. Nina daftari langu la michoro, natumia rangi za maji, nachora mbuzi wa jirani, kuku, kunguru wanaolala kwenye mwembe wetu huku Mbagala, yaani chochote chenye miguu kitakachokubali kutulia kidogo. Siku za mvua najaza kurasa na maumbo tu, miduara, miraba, mistari inayopishana, rangi inaenda inakotaka yenyewe. Sasa shida ni mbili. Karatasi nikiigusa na maji inavimba inajikunja, rangi yote inakimbilia mabondeni. Ya pili ndio inaniumiza kichwa, nataka mnyama na hayo maumbo vikae ukurasa mmoja vielewane, ila kila nikijaribu naishia na mbuzi aliyesimamishwa mbele ya pazia. Wenye uzoefu nisaidieni, na tafadhali msiniambie nihamie akriliki.

sindano_na_uzi

Mkuu karatasi kwanza maana bila hiyo mengine yote ni kelele. Madaftari mengi ya steshonari ni ya penseli, hayajatengenezwa kubeba maji. Tafuta gsm 300, yaani gramu 300 kwa mita ya mraba, na mfuko ukiruhusu iwe ya pamba tupu, inashika unyevu muda mrefu na ukitaka kupunguza rangi kwa brashi mbichi haichubuki haraka. Daftari zima la karatasi hiyo bei yake inatia hasira kwa hiyo mimi nanunua shiti moja kubwa, ile ya sm 56 kwa 76, nachana vipande vinne, kila kipande nakikunja katikati, navipachika kimoja ndani ya kingine halafu nashona kwenye mkunjo kwa uzi mnene. Kurasa 16 hizo, kava weka boksi lolote gumu. Ukichora bana pembe na klipu mpaka ikauke kabisa. Na kwa joto na unyevunyevu wa Dar usifunge kopo la rangi likiwa bado bichi, litaota kuvu.

mzee_wa_brashi

Mdogo wangu, mnyama na maumbo kuishi pamoja mbona ni jambo la hapa hapa mjini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60 kwa mbao za hadibodi na rangi ya baiskeli, akafariki 1972, na mpaka leo ukienda pale Morogoro Stores, Oysterbay utakuta vijana wanaendeleza. Kaa uangalie chui anavyochorwa. Hakuna mtu anayehangaika na kila unywele, madoa ndiyo yanayobeba picha, na nukta zikiendelea hadi nyuma yake huwezi kusema mnyama kaishia wapi. Wewe unachora mbuzi kwanza halafu unatafuta cha kujaza pembeni, ndio maana unapata pazia. Anza na umbo lililo ndani ya mnyama mwenyewe.

kunguru_mweusi

Naunga mkono ila mleta mada asiende kuiga hatua zao moja kwa moja. Rangi ya baiskeli ni nzito, inafunika, unapaka nyuma, inakauka, unaweka mnyama, unamalizia na nukta nyeupe juu. Rangi ya maji inapitisha mwanga, nyeupe yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo unaanza na hafifu unaenda kwenye giza na penye weupe unapakwepa tangu mwanzo. Halafu hao kunguru wako usiwapake nyeusi ya tyubu, inakuwa imekufa. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya bant siena, maji kiasi, utapata weusi unaoelekea bluu upande mmoja na kahawia upande mwingine, shingo ya kijivu ni mchanganyiko huo huo ukiongeza maji.

ngamia_wa_pili

Ongeza na mchoraji Paul Klee kwenye orodha. Aprili 1914 alikwenda Tunisia na wenzake August Macke na Louis Moilliet, huko akawa anachora kwa rangi za maji, majumba na bustani anazigeuza vipande vya miraba ya rangi vinavyogusana. Mwaka 1920 akachora ngamia katikati ya miti ambayo ni miduara juu ya vijiti, na mistari ya nyuma inapita mpaka mwilini mwa ngamia. Hiyo ni ya mafuta, lakini kwa swali lako jibu liko pale: mistari haikatiki ikifika kwa mnyama, inabadilika rangi tu.

mbuzi_wa_jirani

Dah nimeelewa, asanteni sana, shikamoo mzee. Nimechora penseli mistari ya mlalo ukurasa mzima, mbuzi yuko ndani yake, nikivuka mpaka wa mwili nabadilisha rangi, na kweli lile pazia limeondoka. Sasa nataka kanga, yule ndege. Yale madoa meupe yote nitayakwepa kwa brashi mpaka lini?

mzee_wa_brashi

Marahaba. Guashi nyeupe, ile rangi ya maji nzito inayofunika, juu mwishoni, maisha yaendelee.

kunguru_mweusi

Mzee guashi inafaa ila kwa kanga inakaa juu juu kama chokaa. Chukua mshumaa mweupe wa kawaida, uchonge ncha, bonyeza nukta nukta kwenye karatasi kavu kabla ya rangi yoyote. Hutaziona vizuri, inamisha ukurasa dirishani utaona zinang'aa. Ukipitisha rangi nzito ya kijivu inateleza juu ya nta, madoa yanabaki. Karatasi yenye chembechembe doa linatoka limekwaruzika, laini linatoka la mviringo safi. Kichwa na shingo usiweke nta, pale hakuna madoa. Ila nta haitoki tena, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, na nukta zako zipeleke zivuke mgongo ziingie nyuma, usizimalizie kwenye manyoya.

sindano_na_uzi

Na nta isigusane na ukurasa wa pili daftari likifungwa kwenye joto, weka karatasi ya kuokea katikati.