Programu imepotea baada ya kujisasisha, naombeni ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Kompyuta ya dukani ni Windows 10, na programu ya mauzo tunayoitegemea imeyeyuka. Jana jioni ilianza kujisasisha yenyewe, umeme ukakatika katikati. Leo ikoni ipo ila imegeuka karatasi nyeupe. Nikiibofya naambiwa faili halipo.

Nimeingia AppData (folda iliyofichwa ambako programu huweka mafaili yake), kisha folda ya Local. Folda ya programu ipo, ndani kuna Update.exe na folda tupu ya toleo jipya. Ya toleo la zamani haionekani. Kwenye karantini ya antivairasi (inakofungia mafaili inayoyashuku) nimeangalia, hamna kitu.

Kinachonipa moyo ni folda ya Roaming, nayo imo ndani ya AppData: faili la data za mauzo limo, la tarehe ya jana, na nimeshalinakili kwenye flashi. Sasa nikiinstoli upya juu ya mabaki haya, itasoma data hizo au itaanza upya na kuzifuta? Au nifute kwanza ile folda ya Local? Fundi wa hapa mtaani anataka kupiga Windows upya (kwa kila tatizo jibu lake ni hilo), nimemwambia asubiri kwanza.

Na je, kuna namna ya kuizuia isijisasishe bila kuuliza? Kwa sasa risiti naandika kwa mkono.