Watawa 60 wanaolinda moto usiozimika: ratiba yao inavunjikia wapi?

Kibatari
Wakuu, naandika riwaya ya fantasia. Kuna shirika la watawa 60 mlimani, kazi yao kulinda moto ambao haujazimika tangu enzi na enzi. Ukizimika, kilicholala chini ya mlima kinaamka. Mavazi, nadhiri na nyimbo ninavyo. Kinachonishinda ni siku ya kawaida. Nimewapangia sala nane, zamu za moto, shamba na kunakili vitabu, wote wanafanya kila kitu. Nikijumlisha napata siku ya saa 29. Nipunguze wapi? Na ukiacha abati, yaani mkuu wa nyumba ya watawa, nani anamwamuru nani?

Zamu_ya_Pili
Tatizo ni hilo neno "wote". Toa wazee, wagonjwa, walio safarini na wanovisi (wapya walio kwenye mwaka wa majaribio) ambao bado hawajaaminiwa. Wanaobaki kwa ajili ya moto ni kama 40.

Zamu iwe ya saa mbili, watu wawili: mmoja macho kwenye moto, mwingine anafuata kuni. Akiwa peke yake atasinzia, na akienda kwenye banda la kuni moto unabaki yatima. Siku ina zamu 12, nafasi 24. Kwa watu 40, kila mtu anashika zamu tatu katika siku tano. Usiku wa kulala, saa 2 hadi saa 10 alfajiri, una zamu nne za watu wawili wawili, yaani wanane. Basi kila mtu anakatizwa usingizi usiku mmoja katika mitano. Mwili unalihimili hilo. Ukiwawekea zamu za saa nne, watalala wima.

Penye hatari ni makabidhiano. Anayepokea afike robo saa kabla na atie gogo lake la kwanza mwenzake akiwa bado pale, ndipo yule aondoke. Ukisema tu zamu inabadilika kengele ikilia, siku kengele ikikosewa kila mmoja atadhani mwenzake yupo. Hapo una sura nzima ya riwaya.

Mkokotoa
Sala nane usiziogope. Nyingi ni za dakika 10 au 15. Ndefu ni ya usiku, ya alfajiri na ya jioni. Tena sisi tuna bahati: sala za mchana katika mapokeo ya watawa zinaitwa kwa saa ya tatu, ya sita na ya tisa, zikihesabiwa kuanzia mapambazuko, sawasawa na tunavyohesabu kwa Kiswahili. Msomaji wako hatahitaji maelezo.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za maisha ya watawa cha karne ya 6, inawaamsha watawa saa 8 ya usiku majira ya baridi. Ukiifuata, sogeza ule usiku wa kulala uwe saa 12 jioni hadi saa 8. Hesabu ya zamu inabaki vilevile. Kanuni hiyohiyo inajua watu watachelewa: zaburi moja ya mwanzoni mwa sala ya usiku inaimbwa polepole makusudi ili wazito wa kuamka waiwahi. Na ikitokea mwamshaji mwenyewe kapitiwa na usingizi, masomo ndiyo yanayofupishwa. Vijambo kama hivi vya ratiba ndivyo vinavyofanya shirika lionekane lina umri.

Kunakili vitabu kuwe mchana tu, kwa mwanga wa dirisha. Mishumaa na ngozi za kuandikia havikai chumba kimoja.

GhalaKuu
Mmepanga saa, tumbo mmelisahau. Mkate wa gramu 600 kwa mtu unataka kama gramu 450 za unga. Kwa watu 60 ni kilo 27 kwa siku, karibu tani 10 kwa mwaka. Kwa kilimo cha zamani, ukipanda kilo 150 za ngano kwa hekta ukavuna mara nne, ukatoa mbegu ya mwaka ujao, unabaki na kilo 450. Kwa hiyo hekta 22 au 23 za ngano kila mwaka, na nyingine zipumzike. Watawa wanaoimba hawazilimi hizo. Wasistersia, shirika la watawa lililoanza mwaka 1098, walikuwa na mabradha wa kazi: wana nadhiri, sala zao fupi, wanalala upande wao. Wape wako kundi kama hilo na saa 29 zako zitaingia ndani ya 24.

Kuni je? Moto mdogo wa kilo 2 kwa saa ni kilo 48 kwa siku, tani 17 na nusu kwa mwaka. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kuni zikauke mwaka mmoja au miwili. Banda libebe akiba hiyo yote, na lisiwe ukuta kwa ukuta na moto wenyewe (utashangaa wangapi hulichora hivyo). Majivu yanayotoka ni ya kutengenezea sabuni.

Swali la bure: kaa lililofukiwa kwenye majivu hubaki hai usiku kucha. Je, huo ni moto unaowaka? Shirika linaweza kugawanyika kwa hilo moja tu.

Bawabu
Kuhusu amri, fuata funguo, achana na vyeo. Mtunza ghala ana chakula, msimamizi wa moto ana kuni, bawabu ana lango. Abati anawateua, lakini njaa ikiingia mtunza ghala ndiye anayesikilizwa. Vyombo vyote viandikwe: nani kapewa shoka, karudisha lini. Jikoni waingie kwa zamu za wiki. Jumamosi anayetoka anaosha kila kitu na kukabidhi kwa mtunza ghala, naye anamkabidhi anayeingia. Sufuria ikipotea inajulikana wiki ya nani.

Makamu wa abati asichaguliwe na mtu wa nje. Benedikto alilikemea hilo waziwazi, maana wanakuwa wakubwa wawili, kila mmoja na watu wake.

Nafasi mezani na kwenye sala ifuate tarehe ya kuingia, si umri wala ukoo. Aliyeingia asubuhi ni mkubwa kwa aliyeingia mchana wa siku hiyohiyo.

Kibatari
Nimeshika kalamu upya. Kaa kwenye majivu limenikamata, ndilo litakalowagawa. Wanovisi wasishike zamu kabisa, mwaka mzima?

Zamu_ya_Pili
Washike, lakini wawe watu wa tatu, si wa pili. Wabebe kuni, wasiamue lini gogo liingie.

Bawabu
Na mnovisi akipokelewa, nguo alizokuja nazo zisitupwe. Zinatunzwa stoo na jina lake, ili siku akiamua kuondoka avuliwe kanzu ya shirika na kurudishiwa zake.