Corolla inachoka mlima wa Soni: nifungue silinda hedi nisage valvu?

Mpanda_Soni: Habari zenu wakuu. Nina Corolla yenye injini ya 4A-FE, nafuata mboga Lushoto nazileta soko la Mgandini hapa Tanga. Siku hizi nikiiacha Mombo nyuma, gari inaomba gia ya pili hata Soni sijafika. Ikisimama inatetemeka. Plagi mpya, chujio la hewa jipya, hali ni ile ile. Fundi anataka afungue hedi (kichwa cha injini chenye valvu), asage valvu na kutanua njia za hewa, ati nguvu itazidi ya kiwandani. Hela yangu itarudi kweli?

Fundi_Ngamiani: Mwanangu, hedi isiguswe kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini ipate moto, ng'oa plagi zote, kata mafuta na cheche, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, piga stata. Kwa 4A-FE kipimo kisishuke chini ya psi 142 (psi ni kizio cha mgandamizo), na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Iliyo chini itilie oili kidogo, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka, na hapo kusaga valvu ni kutupa hela. Isipopanda, valvu hazikai vizuri kwenye siti (pete ambayo valvu huikalia ikifunga), au gasketi ya hedi inavujisha.

Mlima nao unasema. Ukiteremka kwenda Mombo umeachia mafuta, gari imeshikwa na gia, kisha ukakanyaga ukaona wingu la moshi wa bluu linalokatika upesi, hizo ni sili za valvu (mipira inayozuia oili kuingia kwenye silinda) zimechoka.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanasaga kwa pesti (dawa ya kusagia) na mkono, basi. Siti iliyochimbika haiponi kwa pesti, inazidi kupanuka tu. Ikatwe kwa mashine, nyuzi 45, sehemu ya kukalia valvu ibaki na upana wa kama milimita 1 hadi 1.4. Valvu ya ekzosi hupozwa kupitia siti hiyo, isipogusa sawasawa inaungua. Halafu ikishasagwa inazama ndani ya hedi, shina lake linapanda, na nafasi ya tapeti (uwazi kati ya valvu na kamshafti, shafti inayoifungua) inapungua. Fundi asipobadilisha shimu, kisahani cha kurekebisha nafasi hiyo, injini ikipata moto valvu haifungi. Hili linaniuma sana, maana kazi nzuri ya mashine inaharibiwa na kidude kidogo ambacho mtu hakukipima.

Kutanua njia za hewa kataa. Kamshafti ni ya kiwandani. Ukipanua njia, hewa inapoteza kasi injini ikizunguka polepole, na mlimani kasi hiyo ndiyo unayoitegemea.

Binti_Pangani: Ongezea na hewa ya juu, kaka. Lushoto ni mita 1,400 hivi, na injini isiyo na taabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hiyo hakuna fundi wa kuirudisha.

Mpanda_Soni: Nimepima Chumbageni: 175, 170, 105, 172. Ya tatu nimeitia oili, imefika 110. Moshi wa bluu hakuna.

Fundi_Ngamiani: Silinda moja tu na oili haikuipandisha sana, basi yaelekea ni valvu. Ila anza na kifuniko cha juu, upime nafasi za tapeti za silinda ya tatu injini ikiwa baridi: za hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za ekzosi huzidi kidogo. Ukikuta nafasi hakuna, weka shimu sahihi, pima kompresheni upya. Ikibaki chini ndipo hedi ifunguliwe, ipimwe unyoofu, ifungwe kwa gasketi na sili mpya. Itapanda Soni kama zamani. Zaidi ya hapo asikuahidi mtu.