Naunda seti ya kadi za drafti, wavamizi wa nchi ya barafu, lakini mechi zinaganda. Naomba ushauri

Sakitu

Wakuu, salaam. Nina miezi saba naunda seti yangu ya drafti. Nasema drafti ya kufungua pakiti, unachukua kadi moja unampitishia jirani zilizobaki, si ile ya kete na ubao. Kanuni ni za Magic, ule mchezo wa kadi: rangi tano, mana (malipo ya kuchezea kadi, yanatoka kwenye ardhi), viumbe, ardhi. Kadi ni 360, kila moja nakala moja, zinatosha watu wanane wenye pakiti 3 za kadi 15. Mwisho kila mtu anajenga deki ya kadi 40.

Maudhui ni makabila ya wapiganaji wa kaskazini. Mashoka, ngozi za dubu, tembo wenye manyoya, majitu yaliyolala chini ya mto wa barafu. Kazi hii naipenda mno, ndiyo maana inaniuma.

Tumeijaribu mara nne, na mara zote mechi zimekwama. Ikifika zamu ya nane meza imejaa viumbe na hakuna anayethubutu kushambulia. Mfano wa kadi zangu ni huu (1/5 ni nguvu 1 na uhimili 5; kulaza ni kugeuza kadi upande, isishambulie wala kukinga):

*Mlinzi wa Kivuko. Mana 3, kiumbe 1/5. Akiingia mezani, laza kiumbe kimoja cha mpinzani. Hakisimami katika zamu yake inayofuata.*

Za aina hiyo ninazo 22. Halafu kuna ardhi za theluji, zinazotoa mana ya theluji: nimechanganya 40 kwenye hizo 360, watu wanazipita tu, na kadi zinazodai mana ya theluji zinabaki bila mwenyewe. La mwisho ni majina. Nimewaita wapiganaji wangu "washenzi" na mchezaji mmoja alikunja uso. Nifanyeje?

Kadi Arobaini

Mkuu, shida yako naiona kwenye huyo Mlinzi. Umeipa baridi kazi ya kufunga mlango, wakati watu wako ni wavamizi, na mvamizi anataka mlango ufunguke. Ukilaza kiumbe cha mpinzani, hicho kiumbe hakiwezi kukinga. Hiyo ni silaha ya anayeshambulia, wewe umempa mwenye ukuta. Mwandike upya hivi:

*Mvuka Barafu. Mana 3, kiumbe 3/2. Kila anaposhambulia, laza kiumbe kimoja cha mpinzani.*

Maneno ni karibu yale yale, ila sasa asiyeshambulia hapati kitu. Na uhimili wa 2 unamaanisha akikaa nyumbani kukinga atakufa mapema, kwa hiyo mchezaji anasukumwa kwenda mbele. Pitia zote 22 kwa jicho hilo. Nadhani 15 zinaweza kugeuzwa, na 3 au 4 zibaki kuta kweli kwa mwenye bluu anayetaka mechi ndefu. Nyingine zitupe.

Kipupwe

Naongezea kuhusu ardhi. Pakiti zako ni 24, kwa hiyo ardhi 40 ni chini ya mbili kwa pakiti, na kila moja inashindana na kiumbe kizuri. Nani ataacha kiumbe achukue ardhi? Kaldheim, seti ya Magic ya 2021, ilikwepa hilo kwa kuipa ardhi ya theluji nafasi yake maalumu ndani ya kila pakiti ya drafti. Fanya vivyo hivyo: zitoe kwenye 360, kisha weka mbili za ziada kwa kila pakiti. Zitakuwa 48, wastani wa sita kwa mtu, na anayezitaka hasa atafika tisa au kumi kati ya ardhi zake 17. Zile nafasi 40 jaza viumbe wa mana 2, maana bila hao mashambulizi hayaanzi mapema.

Tena punguza kadi zinazolipiwa kwa mana ya theluji. Andika "ukiwa na ardhi tatu za theluji, kiumbe hiki kinapata +1/+1". Asiyekuwa nazo bado ataicheza.

Binti Shoka

Kaka Sakitu, huyo aliyekunja uso ana haki. Kwa Kiswahili "mshenzi" ni tusi, tena lenye historia ya kudharau watu wa bara. Halibebi ushujaa hata kidogo. Una maneno mazuri zaidi: wavamizi, watu wa sakitu, wana wa dhoruba. Kila kabila lipe jina lake, kabila bila jina halina uso.

Na uwezo wa kadi upe jina *Majigambo*: kiumbe kikishambulia, mara moja kwa zamu unaweza kulipa mana upate faida fulani. Kaldheim wana kitu cha namna hiyo, lakini neno letu limebeba zaidi, shujaa anasimama na kujisifu mbele ya adui.

Picha je? Kama zote ni nyeupe na bluu, mezani hazitofautiki. Baridi inaonekana kukiwa na moto karibu. Nyekundu ipe mioto ya kambi na damu kwenye theluji, kijani misonobari, nyeusi usiku mrefu.

Sakitu

Dada Binti Shoka, *Majigambo* nimeichukua, asante sana. Mkuu Kadi Arobaini, swali: Mvuka Barafu akiwa na mana 3 tu, hatakuwa mkali kupita kiasi?

Kadi Arobaini

Ana uhimili wa 2, hata kiumbe kidogo chenye nguvu 2 kilichobaki kimesimama kinamuua. Ukiona anashinda kila mechi, mpandishe mana 4. Usimwondolee shambulizi.

Sakitu

Sawa. Usiku huu nimegeuza 9, ardhi nimezitoa zote, na "washenzi" nimefuta kwenye kadi 31. Jumamosi tunakaa wanane mezani. Nitaandika hapa zamu ya ngapi mechi ya kwanza imeisha.